Walinililia Nikiwa Hai

Sehemu ya Sita

Mlioanza nami mwanzo mnajua niliishia wapi. Niliishia sakafuni, jikoni kwangu mjini Shinyanga, mguu umekunjika chini yangu kama si wangu, na simu iko juu ya meza nisiyoweza kuifikia.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Mbuke. Nilikuwa mbunge wa Nyamhula, jimbo la wachimbaji na wafugaji upande wa Geita, kwa vipindi viwili. Jimboni waliniita Mheshimiwa Mbuke Nuruddin, kwa jina la mume wangu, mfanyabiashara wa vitenge wa Kahama. Kisha kura za maoni za chama zikaniangusha. Gari likaondoka, dereva akaondoka, simu ikanyamaza.

Nuruddin alikuwa ameshaoa mke wa pili wakati mimi niko bungeni Dodoma. Niliposhindwa, akabaki kwa huyo mdogo. Hatukuachana kwa talaka wala kwa ugomvi. Tuliacha tu kupigiana simu.

Nikarudi kwenye jina la baba yangu, Ndaki, nikapanga nyumba Shinyanga ambako hakuna aliyewahi kunipigia kura. Nikakaa peke yangu.

Sasa tuendelee.

Aliyeniokota ni mwanamke anayeniletea maziwa kila asubuhi. Alibisha, nikaita, akazunguka mlango wa nyuma. Hakuuliza maswali. Aliita majirani, wakanibeba kwa shuka kama gunia la mpunga, wakaniingiza kwenye bajaji iliyokwenda polepole hadi hospitali ya Kolandoto.

Njiani yule mama aliniuliza, "Nimpigie nani?"

Nikasema, "Ngoja kwanza."

Alisubiri mpaka tulipofika. Sikumtajia mtu.

Daktari alitazama picha, akaniambia mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Bila upasuaji sitatembea tena. Nikasema sawa. Akaondoka, akaja nesi, binti mpole mwenye sauti ya chini anayeitwa Loveness.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Ndugu yako wa karibu ni nani, mama? Wa kuja kukuuguza."

Nilitazama dari. Nilikuwa mtu wa kuzungukwa. Nilipoumwa malaria nikiwa mbunge, wageni waliwekwa foleni nje ya chumba changu. Wengine niliwafukuza ili nipate usingizi.

"Nina binti," nikasema. "Anaitwa Noela. Yuko Dodoma."

"Basi nitakuita Mama Noela," akasema Loveness. "Mpigie."

Nikampigia.

"Noela, mama yako nimeanguka. Nimevunjika paja. Watanipasua."

Nilimsikia mtoto wake mchanga analia nyuma yake.

"Mama, mtoto bado mdogo mno. Sina wa kumwachia na siwezi kusafiri naye. Nitampigia baba."

"Usimpigie baba yako."

"Sasa atakuuguza nani?"

"Nitajiuguza."

"Mama, mtu hajiuguzi."

"Usimpigie, Noela."

Akasema, "Haya." Niliijua haya hiyo tangu akiwa mdogo. Ni haya ya mtu ambaye tayari anatafuta namba.

Wakanilaza wodi ya wanawake, mguu umefungwa uzito ili mfupa usisogee. Nikawa wa kulala chali tu. Hospitalini kila saa ya kuona wagonjwa mlango hufunguliwa na watu huingia na vikapu. Mimi niligeuza uso ukutani ili wasione kwamba hakuna anayekuja kwangu.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mama wa makamo, mkono wake wa kushoto umefungwa plasta hadi begani. Alinitazama weee, kisha akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," nikaitika.

"Huna watu?"

"Ninao. Wako mbali."

"Mtu aliye mbali haleti uji," akasema.

Binti yake, aliyeolewa pale Kolandoto, alikuwa amemletea ugali, mlenda na kipande cha sato. Akamwambia binti amege nusu anipe. Nilikataa. Akanikemea.

"Kula. Anayekula peke yake hufa peke yake."

Nikala. Sikuwa nimekula chakula kilichopikwa na mtu mwingine kwa muda mrefu, na machozi yakanitoka nikiwa natafuna. Alijifanya hakuona.

Anaitwa Mama Fredy. Mkono wake ulivunjwa na mkanda wa karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu. Wakamleta kwa binti yake ili apate wa kumwangalia.

"Karasha la wapi?" nikamuuliza.

"Nyarugusu."

Nyarugusu ilikuwa ndani ya jimbo langu. Nilisimama pale sokoni sijui mara ngapi. Nikamtazama vizuri kama nitamkumbuka. Sikumkumbuka. Naye hakunitambua, na simlaumu. Enzi zile nilikuwa mnene, kilemba kikubwa, miwani, sauti ya kwenye spika. Mwanamke aliyelala pale alikuwa amekonda, nywele zimekatwa fupi, mvi zimejaa.

"Nimewahi kufika Nyarugusu," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kazi tu."

"Siku hizi huwezi kulala kwa kelele. Mwaka wa uchaguzi. Spika asubuhi, spika jioni."

"Mtamchagua nani?"

"Sisi tuko na mume wa marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Mbunge wetu wa zamani, Mheshimiwa Mbuke. Wewe wa Shinyanga hukumjua. Alifariki."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakishusha juu ya kifua changu, nikakishikilia kwa mikono miwili.

"Alifariki lini?"

"Wengine wanasema mwaka jana, wengine wanasema kabla. Inasemekana alipelekwa India. Hatukuletewa mwili. Hilo ndilo lilituuma. Mtu wetu, halafu azikwe huko huko kama hana kwao."

"Nani aliwaambia amekufa?"

"Mume wake mwenyewe, Bwana Nuruddin. Alisimama sokoni, akashika kipaza sauti, akanyamaza. Akatoa kitambaa akafuta macho. Akasema, ndugu zangu, mwenzangu hayupo tena. Kazi aliyoianza, nani ataimalizia? Mayu, wanawake wote tulilia. Mimi nilikaa chini kabisa."

Hayupo tena.

Nuruddin ni muuza vitenge. Hupima neno kama anavyopima kitambaa, haongezi wala hapunguzi. Hakusema nimekufa. Alisema sipo. Na kweli sikuwepo. Mengine alimwachia kila mtu akashone mwenyewe.

Nilitakiwa kusema pale pale kwamba mimi ndiye. Sentensi moja tu. Nilishafungua mdomo.

Lakini Mama Fredy alikuwa anaendelea.

"Alikuwa na maneno makali yule mama. Lakini duara, shimo la dhahabu, lilipoporomoka, vijana wakafukiwa, yeye alikuja. Wengine walikuja na hotuba wakaondoka. Yeye alivua viatu vyake vya mjini, akakaa nasi kwenye vifusi mpaka kijana wa mwisho akatolewa. Nilimpa kanga yangu ajifunike, ilikuwa baridi."

Siku ile naikumbuka. Nilijaribu kuikumbuka na kanga pia. Haikuja. Nilipewa kanga nyingi sana miaka ile.

"Na maji aliyotuahidi hayajafika hadi leo," akasema Mama Fredy. "Ila marehemu hasemwi vibaya."

Nikafunga mdomo.

Naungama kwenu jambo ambalo nimeona haya kulisema kwa mtu mwingine. Sikunyamaza kwa sababu ya busara. Nilinyamaza kwa sababu miaka mitano yote niliyokaa peke yangu, nikisubiri mtu anipigie aseme tunakukumbuka, hakupiga hata mmoja. Nilidhani wamenisahau. Kumbe walikuwa wananililia. Na niliona kwamba nikisema niko hai, kilio kile kitakoma.

Kwa hiyo siku zilizofuata nilimuuliza tena. "Yule mbunge wenu alikuwaje?" Naye alisimulia tena, kila mara akiongeza kitu kizuri. Jioni nililala nikiwa nimeshiba sifa za mtu ambaye nilianza kumwonea wivu.

Siku moja kabla ya upasuaji, Loveness alikuja kupima presha.

"Kesho asubuhi, Mama Noela. Nani atakuwa na wewe ukitoka?"

"Mungu."

"Mungu sawa, mama. Lakini nani atakugeuza?"

Kabla sijajibu, alisimama mwanamke miguuni pa kitanda changu. Baibui jeusi, mtandio wa kahawia, kikapu mkononi, hotipoti mbili zinachungulia. Uso mzuri uliochoka kwa safari. Nilimjua, ingawa nilikuwa nimemwona ana kwa ana mara moja tu, msibani, na siku ile hatukusemezana.

Alikuwa Zuhra, mke mdogo wa mume wangu.

"Shikamoo dada," akasema.

Sikuitika. Loveness alitutazama, akakusanya vifaa vyake, akatupisha.

"Noela alipiga simu nyumbani," akasema Zuhra. "Nimekuja kukuuguza."

"Nani amekutuma?"

"Mume wetu."

"Mume wako."

"Haya. Mume wangu."

Aliweka kikapu chini, akamimina uji kwenye kikombe, akanisogezea. Uji wa ulezi, una maziwa, haukuwa na uvimbe hata mmoja. Nilitaka kuumwaga. Niliunywa wote.

Kisha akachukua beseni, akaenda kuteka maji ya uvuguvugu, akarudi akaanza kuninawisha miguu bila kuniomba ruhusa. Mguu mzima kwanza, halafu ule mbovu, kwa vidole vya tahadhari. Nilitazama kichwa chake kilichoinama na sikujua niseme nini. Chuki niliyomwekea ilikuwa imekaa miaka yote hiyo haina kazi, na sasa nilipoitafuta sikuipata mahali nilipoiweka.

"Amesema uhamishwe," akasema bila kuinua kichwa. "Kuna chumba cha mtu mmoja. Ameshaongea nao. Utatulia, hakuna wa kukusumbua, hakuna wa kuingia ovyo."

Nikaelewa.

"Mwambie nimekaa chumba cha mtu mmoja tangu niliposhindwa. Hapa nina jirani. Sitoki."

Zuhra akakamua kitambaa.

"Nilijua utasema hivyo."

"Na kingine amekutuma nini?"

"Kwamba baada ya upasuaji nikae nawe hapa, usipige simu, usipokee mtu, mpaka kura za maoni zipite. Amesema atakupeleka popote utakapotaka kutibiwa. Amesema yeye ni mtu wa shukrani."

"Na wewe unasemaje?"

Alinyanyuka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama Fredy alikuwa amelala ametugeuzia mgongo, anapumua kwa nguvu. Zuhra akashusha sauti.

"Siku ile ya Nyarugusu mimi nilikuwepo, dada. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma yake, kwenye turubai. Nilimsikia. Niliona watu wanalia, naye analia, na machozi ni ya kweli. Nikajua mtu huyu anamlilia mke aliye hai, yuko Shinyanga anakunywa chai. Usiku ule sikumuuliza kitu. Lakini nimekaa najiuliza. Mimi nikichakaa, atasimama jukwaa gani anililie?"

Hakulia. Alinyoosha shuka langu.

"Nimekuja na simu," akasema. "Sema neno moja tu. Sema uko hai. Nitalituma kwenye kundi la mtandaoni la wajumbe wanaopiga kura za maoni Nyamhula, niko humo, aliniingiza yeye mwenyewe nimsaidie kampeni."

"Ukituma, atakufukuza."

"Najua."

"Una watoto, Zuhra."

"Najua pia. Wako kwa mama yangu Ushirombo tangu juzi."

Kumbe alikuwa amejipanga. Nilimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama jina. Mtu mzima aliyefunga mizigo yake akaja kwa mwanamke asiyempenda, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwendea.

Simu yangu ikalia. Noela.

"Mama, mama Zuhra amefika?"

"Nilikwambia usimpigie baba yako."

"Ningefanyaje, mama? Sikiliza. Nakuomba kitu. Kuna maneno huko jimboni kuhusu wewe. Ukiyasikia, yaache. Yatapita. Baba yuko karibu kupata. Akipata, tutayaweka sawa taratibu."

Simu iliniponyoka mkononi. Zuhra akanishikia simu sikioni.

"Ulijua?"

"Nini, mama?"

"Noela, ulijua wanasema nimekufa?"

"Niliona mtandaoni, mama. Watu wa Nyamhula waliniandikia. Walikuwa wengi."

"Walikuandikia nini?"

"Pole."

"Ukawajibu nini, mwanangu?"

Nilimsikia anavuta pumzi. Mtoto hakuwa analia safari hii, hapakuwa na kitu cha kutufunika.

"Nilisema asante."

Wasomaji wangu, nimepoteza kiti, gari, mume na jina. Yote nimewasimulia hapa na yote nilipoyapoteza nilipiga kelele. Hili halikunitoa hata sauti. Nilimwona binti yangu amekaa kitandani kwake, ananyonyesha, anasoma pole za msiba wa mama yake ambaye angeweza kumpigia dakika ile ile. Na anaandika asante. Na anaendelea kunyonyesha.

"Mama? Mama, upo?"

"Sipo," nikasema, nikamfanyia Zuhra ishara akate.

Alikata. Akakaa na simu yangu mapajani, hakuniuliza, kwa sababu alikuwa amesikia.

Nikamwambia, "Ninyanyue kidogo. Nipe mtandio wako."

Alivua mtandio, akanifunga kichwani, akaweka mto mgongoni. Akaelekeza simu yake usoni pangu.

Nilikuwa nimehutubia uwanja umejaa. Nilikuwa nimesimama bungeni mawaziri wamenikodolea macho. Mbele ya kisimu kile sikupata maneno. Mwisho nikasema hivi:

"Ndugu zangu wa Nyamhula. Mimi ni Mbuke. Nimelazwa Kolandoto, nimevunjika mguu. Sikufa. Mwenye kutaka kuniona aje anione."

Zuhra akatuma.

"Hayo maneno yafute," ikasema sauti.

Mama Fredy alikuwa ameketi kitandani, ameukumbatia mkono wake wenye plasta. Hakuwa amelala. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Fredy," nikasema. "Ni mimi. Nilitaka kukwambia."

"Wewe ni Mama Noela."

"Noela ni binti yangu. Mimi ndiye Mbuke."

"Mheshimiwa alikuwa mtu mwenye mwili. Sauti yake tulikuwa tunaisikia hata spika ikizimika. Wewe huna sauti." Alinitazama kwa kuchukia kweli. "Siku zote hizi unaniuliza alikuwaje, alikuwaje. Kumbe ulikuwa unajifunza. Wamekulipa akina nani? Wale wa upande wa pili?"

"Mayu, nakuapia."

"Usiape. Nimekulisha chakula changu. Maiti ya mtu haichezewi."

Akageuka. Akavuta shuka mpaka kichwani, mkono wa plasta ukabaki nje. Binti yake alipoleta chakula jioni, kilikaa upande ule. Hakuna aliyemega.

Zuhra alinilisha wali wake. Alilala chini, kwenye mkeka, kando ya kitanda changu. Nilikuwa na mtu anayeniuguza, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Asubuhi nilimwomba anisomee majibu ya kundini.

"Tuyaache, dada."

"Nisomee."

Akasoma kwa sauti ya chini. Mmoja alisema video ni ya kutengenezwa, siku hizi kompyuta inaweza kumfanya hata babu yako azungumze. Mwingine alisema laana iwapate wanaowatumia marehemu kwenye siasa. Katibu wa kata niliyemsomeshea mwanawe alisema, namnukuu, "Tumwache mama yetu apumzike." Wengi waliweka alama ya mikono iliyokunjwa kuomba.

Hakuna aliyesema atakuja.

"Na yeye?" nikauliza. "Ameandika kitu?"

"Hajaandika. Amesoma tu. Na mimi hajanipigia."

Loveness alikuja na machela. Walikuwa wameshanivisha gauni la kijani. Kadi yangu iliwekwa juu ya tumbo. Aliniuliza kama nimekula au kunywa chochote, nikasema hapana. Aliniuliza kama naogopa.

Nikamwambia ukweli. "Siogopi kufa. Naogopa nikifa leo haitakuwa habari."

Hakuelewa, akanipigapiga mkono.

Ndipo tukasikia magari. Milango ikafungwa moja baada ya nyingine, halafu nyayo nyingi kwenye ukumbi, na mlinzi akisema saa za kuona wagonjwa bado. Na juu ya sauti zote hizo, sauti moja niliyolala nayo na kuamka nayo ujana wangu wote.

"Yuko wapi? Mke wangu yuko wapi? Alhamdulillahi, mke wangu yu hai."

Nuruddin alikuwa analia. Namjua. Yalikuwa machozi ya kweli.

"Ndugu zangu, mimi niliambiwa hana fahamu," akaendelea kule nje, na nilijua kwa namna alivyokata maneno kwamba mbele yake kuna kamera. "Niliambiwa hatarudi. Nikasema mbele yenu hayupo tena. Leo Mungu amenirudishia. Mbuke, mama Noela, nimekuja."

Kwa maneno machache alikuwa amenifufua, na ufufuo ule ulikuwa wake.

Mama Fredy aliifahamu sauti ile. Aliifahamu tangu sokoni. Nilimwona akishuka kitandani polepole, peku, akija kwangu, mkono wake mmoja mbele kama anayepapasa gizani. Akanigusa shavu. Akashika kidevu changu akakigeuza huku na huku.

"Kumbe ni wewe," akasema. Machozi yakamtoka. "Mheshimiwa. Kumbe ni wewe kweli."

Jana nilimwapia hakuniamini. Leo mume wangu amesema, nimekuwa hai.

Loveness alikwenda mlangoni akachungulia, akarudi uso umemshuka.

"Mama Noela, ni mzee mmoja na watu wengi, wana kamera. Anasema ni mume wako. Anataka akushike mkono kabla hujaingia upasuaji, wapige picha. Daktari anasubiri. Nimruhusu?"

Sikuwa nimejibu mlango uliposukumwa.

Haukufunguka wote. Zuhra alikuwa ameshafika pale. Alisimama katikati, kichwa wazi bila mtandio, mkono mmoja kwenye fremu ya kulia na mwingine kwenye fremu ya kushoto. Juu ya bega lake niliona kanzu nyeupe, kitambaa mkononi, na nyuma yake simu zimeinuliwa.

"Zuhra," Nuruddin akasema taratibu, akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Pisha, mama. Nimwone mwenzangu."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Mpaka mwenyewe aseme."

Tabasamu lake halikuondoka, ila macho yake yalinitafuta juu ya bega la mke wake mdogo, yakanipata. Sikuwa nimeyaona kwa miaka mitano. Yaliniomba kitu. Na Mungu anisamehe, sehemu moja ya moyo wangu, ile iliyokaa jikoni peke yake ikisikiliza simu isiyolia, ilitaka kumwambia aingie.

Zuhra hakugeuka kunitazama. Mama Fredy alikuwa bado ameshika kidevu changu. Loveness alikuwa ameshika machela.

"Sema, Mbuke," akasema Nuruddin. "Watu wanasikiliza."